Mushene Iliyofunga Macho

Ile Jumapili niliyosimama kanisani kutoa ombi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri. Mwanangu, kaa nikueleze. Nimesikia wewe na wenzako mmeanza kwenda Jumamosi kuwahudumia wagonjwa nyumbani kwao. Nimefurahi sana, na hofu kidogo pia imeniingia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Vijana wa kanisa letu pale Salgaa tulikuwa na kikundi cha huduma, na hatukuwa watu wa kuhubiri barabarani. Tulichota maji, tulifua, tulipasua kuni, tulikandika nyumba za wajane. Mimi nilipewa kazi ya vidonda, kwa sababu muuguzi mmoja alikuwa amenifundisha kuosha na kufunga bandeji, na sikuwa mtu wa kutapika ovyo. Kwa kweli nilijiona daktari.

Mgonjwa wangu alikuwa Mama Chebet. Alipika chapati na maharagwe kando ya barabara kuu, na madereva wa malori walisimama kwake kula kabla ya kuendelea na safari. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Akivaa soksi ndefu na leso, hakuna aliyejua. Kila Jumamosi niliingia kwa mlango wa nyuma, nikamwosha, nikamfunga bandeji safi, na kidonda kikaanza kufunga. Aliniomba jambo moja tu.

"Hii maneno ikae hapa kwa nyumba."

Nikakubali. Ndipo ikaja Jumapili hiyo, mchungaji akauliza nani ana ombi. Wengine walitaja mvua, wengine mitihani ya watoto. Nami nikasimama, sauti nimeilegeza kama mtu aliyeokoka kuliko wote, nikasema, "Tumkumbuke mama mmoja anayepika chapati hapa stage, kando ya barabara. Mguu wake unaoza, na anaona aibu kusema." Sikutaja jina, na kwa hilo nilijipongeza. Lakini wapika chapati pale walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mwanamume.

Kufika Jumatano hakuna dereva aliyekula kwake. Jumamosi nilipobisha, Mama Chebet hakufungua. Alisema kutoka ndani, bila hata kupaza sauti, "Rudi na maji yako. Nimeshaombewa."

Nikaenda kulia kwa Mama Wanjiru, kiongozi wa akina mama kanisani, nikitaraji kubembelezwa. Nilimkuta akimenya viazi. Nikajitetea kwamba nilitaka tu watu wamwombee. Hata hakuinua kichwa.

"Wewe hukuomba," akasema. "Hiyo ilikuwa mushene imefunga macho."

Mushene ndilo jina letu la umbea huku kwetu. Nililijua neno hilo vizuri, nililitumia kwa wale wanawake wa kwenye bomba la maji. Sikuwahi kufikiri lingenifaa mimi. Nikakasirika, nikamwambia anaionea wivu huduma yangu. Nasema hili kwa aibu, mwanangu, lakini ndivyo nilivyomjibu mtu mzima.

"Na kidonda kinaoshwa na nani sasa?" akaniuliza.



Mama Wanjiru alienda mwenyewe kubisha kwa Mama Chebet, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena. Mama Chebet alikuwa amekata tamaa na watu wote wa kanisa letu. Zilipita wiki tatu kabla hajafungua mlango, na kufikia hapo vidole vilikuwa vimegeuka vyeusi. Alipelekwa hospitali Nakuru, akakatwa mguu chini ya goti. Nimeambiwa na wengi kwamba huenda ungekatwa hata hivyo, kwamba sukari ni sukari. Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa nimekiona kile kidonda kikifunga.

Aliporudi nyumbani nilimwendea peke yangu. Nikamwambia nilimkosea, kwamba nilitoa siri yake mbele ya watu nikaiita maombi. 

"Nani anajua umekuja hapa?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Hata Mama Wanjiru?"

"Hata yeye."

"Basi ingia. Kuna nguo za kufua."

Nikafua. Hatukuomba siku hiyo, wala yeye hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Nilirudi kila wiki mpaka alipohamia kwa binti yake kule Gilgil, na kanisani hakuna aliyejua Jumamosi zangu zinaishia wapi.

Sasa ninyi hata Jumapili hamngoji. Mna hizo grupu za WhatsApp, na picha ya mgonjwa inafika Milimani, kule mjini Nakuru, kabla hujamaliza kumfunga bandeji. Nimeziona. Nakuomba hivi, mwanangu: kabla ya kumtaja mtu kwenye maombi, muulize kama anataka kutajwa, na utumie maneno gani. Akikataa, mwombee ukiwa peke yako. Mungu anaijua nyumba ya mgonjwa huyo, hahitaji umwelekeze. Na ukiona ulimi unakuwasha kusimulia wema uliotenda, shika beseni ukafue.

Nakuombea mikono isiyochoka na miguu isiyohofia umbali. Mungu akujalie kila unayemhudumia, ukishatoka kwake, afunge mlango wake na alale bila wasiwasi juu yako.