Nyuma ya Lundo la Marudio

Nyumbani kwetu, upande wa Tinde, mama hasalimiwi asubuhi mpaka ainuke kwenye kigoda chake. Hukiweka nyuma ya nyumba karibu na zizi, akakaa ameinamisha kichwa kabla ya kwenda kukamua. Usukumani mtoto kumpita mzazi bila salamu ni utovu wa adabu, lakini hapo sisi tulifundishwa kupita kimya. Mama alisema asubuhi anataka kuongea na Mungu kwanza, sisi tutafuata. Nilikua nikidhani kila mtu ana mahali pa namna hiyo.

Nilimaliza darasa la saba, nikalima, mvua zikatusumbua, nikaenda machimboni mbele ya Runzewe. Tulilala wengi chini ya turubai moja. Simu hii ilipiga muziki, ile mahubiri, nyingine mpira. Jenereta lilinguruma, na mchana kutwa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalitetemesha ardhi mpaka maji yakacheza kwenye kikombe. Mimi ni mtu wa aibu. Kupiga magoti katikati ya watu nisingeweza. Nikajaribu kwenda kusali chooni. Siku moja mtu akagonga bati.

“We, unajifungua humo?”

Foleni yote ikacheka. Nilitoka sijamaliza hata Baba Yetu.

Nikatafuta mahali pengine, na nikapata. Nyuma ya duara letu, yaani shimo tulilochimba, kulikuwa na lundo kubwa la marudio, mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa. Ukipita nyuma yake kelele hupungua, na mbele yako huna kitu ila vichaka na shimo la zamani lililoachwa. Kila alfajiri, wenzangu wakiwa bado wamejifunika, nilikwenda pale nikapiga magoti. Sikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nakaa tu, na nikirudi kazini nilijiona kama niliyeoga.

Hapo ndipo duara likaanza kutema. Ndivyo wachimbaji wanavyosema mawe yakianza kuwa na dhahabu. Watu walifurahi, na baada ya furaha wakaanza kuulizana sababu. Machimboni hakuna anayeamini kwamba shimo hutema hivi hivi. Lazima pawe na mtu mwenye ndagu, dawa ya utajiri, na ndagu ina masharti: kutooga, kutosalimia, kwenda mahali fulani peke yako kabla jua halijachomoza. Sasa mimi nilikuwa mkimya, sinywi, na alfajiri naonekana nikitokea kwenye shimo lililoachwa nikiwa na vumbi magotini.

Mwenye duara alinifuata jioni nikifua. Alikuwa mtu mzima, mpole kwa kawaida. Nikampa shikamoo, akaitikia, akachuchumaa karibu na beseni.

“Mdogo wangu, masharti yake ni yapi? Niambie tu, tusije tukayavunja.”

“Hakuna masharti, kaka. Nasali.”

Alitabasamu kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea.

“Sawa. Ndivyo mnavyoambiwa mseme.”

Nilieleza tena, maneno yakajikanyaga kama kawaida yangu, na kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa kwa heshima. Kuanzia siku ile nililetewa chai ya maziwa peke yangu. Nilikatazwa kushuka shimoni, nisije nikaumia. Wenzangu wakawa wananipisha njiani, na hakuna aliyenitania tena.

Kisha nikawekewa mlinzi, ili watu wa maduara mengine wasije kuniiba. Alikuwa mwanamume mnene mwenye rungu. Mimi nikipiga magoti, yeye alikaa juu ya mawe nyuma yangu, akamenya muwa, akatema makapi, akakohoa. Nilimsikia akitafuna. Nikiinuka mapema aliniangalia kwa wasiwasi.

“Leo mbona fupi? Rudi kidogo. Mimi ndiye nitakayeulizwa.”

Narudi, napiga magoti. Kichwani simo. Nilihesabu punje za mchanga mbele yangu nikisubiri muda upite. Mahali pale nilipokuwa napumzikia pakawa kazi yangu, na mbaya zaidi, nilihisi kama nimemleta Mungu pale naye akaandikwa kibarua cha mwenye duara.

Ilipokaribia Pasaka niliomba ruhusa niende nyumbani. Mwenye duara hakukasirika. Alinishika bega akasema nivumilie, maana nikiondoka duara litakata, liache kutema, na watu wote wale wana watoto. Nikatazama wale watu. Ni kweli walikuwa na watoto. Kuondoka kwa siri nisingeweza pia, mwenye rungu alilala mlangoni.

Niliomba basi nihamishiwe kwenye karasha, kulisha mashine mawe. Mwenye duara akafurahi. Alisema ni vizuri zaidi, niyaguse mwenyewe. Yeye hakujua kwa nini nilipataka. Kwenye karasha mtu hufunga kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi, macho tu ndiyo yanabaki nje. Na kelele yake ni kubwa kiasi kwamba ukitaka koleo unaonyesha kwa mkono. Hakuna anayekusemesha. Siku ya kwanza nilisimama pale, nikatia mawe, na midomo yangu ikaanza kwenda yenyewe ndani ya kitambaa.

Sijawahi kusali kwa sauti maishani mwangu. Pale nilisali kwa sauti, kwa Kisukuma, kama mama anavyonong'ona kwenye kigoda, ila mimi nilipaza. Nilimwambia Mungu kuhusu mwenye rungu na muwa wake. Nilimlaumu. Nilimuuliza kwa nini alilitemesha duara wakati mimi sikumwomba dhahabu. Alfajiri niliendelea kupelekwa kwenye marudio nikae kama kinyago, lakini mchana nilikuwa na mahali pangu.

Mchana mmoja mwenye duara alikuja kutazama mawe yakisagwa. Sikumwona, nilikuwa nimempa mgongo. Mafuta ya mashine yakaisha. Karasha halizimi kwa hatua, hukata mara moja, na mimi nilikuwa katikati ya sentensi.

“Nitoe kwa mtu huyu, Baba. Nimechoka kuwa dawa yake.”

Pale wote ni Wasukuma au wanakisikia Kisukuma. Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko chochote nilichowahi kupata nyuma ya lundo. Mwosha mchanga mmoja akasema taratibu, kumbe anaongea. Niligeuka nikamwona mwenye duara. Alikuwa ameshika jiwe, akalirudisha chini kwa uangalifu, kama yai.

“Unaniombea mimi hivyo?” aliuliza.

Nilijipangusa uso. Kitambaa kilikuwa kimelowa.

“Kila siku?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Akamwambia mwenye rungu anitafutie pikipiki ya kunifikisha barabarani. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama aliamini kwamba nilikuwa nasali tu, au aliogopa kwamba dawa imemgeukia. Hakunipa mkono.

Sasa niko nyumbani. Asubuhi nachukua kigoda changu, nakiweka upande wa pili wa zizi. Nikiinamisha kichwa, namsikia mtu akikohoa nyuma yangu. Nageuka, ni ng'ombe, au hakuna kitu. Najikuta nakadiria kama nimekaa vya kutosha. Siku nyingine nainuka bila kusema hata neno.

Jana mama alimaliza kabla yangu. Alipita na ndoo ya maziwa, akanitazama pale nilipokuwa nimeinama bila neno lolote kichwani. Kinywa chake kilikuwa tayari kwa salamu. Akakifunga, akapita kimya.

Nikabaki nimekaa.