Ushuhuda wa Mubirizi

Sitaki mtu aniambie tena kwamba majani ya mubirizi yanaponyesha ini. Ukiuliza ushahidi uko wapi, watakutajia baba yangu.

Papa alikuwa na ugonjwa wa ini, ule wa kumeza kidonge kila siku bila kukosa. Alikuwa ameanza vidonge vya hospitali pale muuza dawa za mitishamba wa Gashonga, muumini mwenzetu, alipomletea mubirizi uliotwangwa, mchungu hata ulimi unakufa ganzi. Akatumia vyote viwili, kidonge asubuhi, majani jioni. Macho yakaacha umanjano, hamu ya kula ikarudi, na sifa zote zikaenda kwa majani. Vidonge havikuwa na mtu wa kuvisemea kanisani.

Jumapili moja akasimama kutoa ushuhuda. Kwetu ushuhuda haurudishwi: ukishasema umepona, umepona. Papa alisema Mungu amemponyesha kwa jani, wamama wakapiga vigelegele, na tangu siku ile hakugusa kidonge. Muuza dawa akaanza kutuletea wagonjwa nyumbani, wengine kutoka Nkungu, wengine Rwimbogo, waje kumkagua Papa kama ng'ombe wa mnadani. Mimi ndiye niliyewapikia chai. Hilo linaniuma mpaka leo.

Macho yalipoanza tena kuwa manjano, nilimwekea vidonge mezani. Akavisukuma.

"Niliisha kusema mbele ya batu kama nilipona," akasema. "Nikirudilia bidonge, batasema nilidanganya Mungu."

"Papa, meza tu. Nani atakuona?"

"Nyamaza."

Nikanyamaza! Mtu mzima na akili zangu, nikanyamaza kama mtoto aliyekaripiwa, kwa sababu hata mimi niliwaonea haya watu wa kanisa. Nilikuja kuzinduka tumbo lake lilipokuwa limevimba, nikamtafutia gari la kumpeleka hospitali.

Daktari hakuyacheka majani. Alisema huenda yana kitu ndani yake, ila yeye hajui mtu aliyeyapima kwa wagonjwa kama Papa, na kwamba hata yangekuwa na nguvu hayashiki nafasi ya kidonge. Kisha akamuuliza aliacha dawa lini. Papa, aliyesema mbele ya kanisa zima bila kuhitaji kipaza sauti, aligeukia ukuta. Nikajibu mimi.

Tulimzika kabla ya mavuno ya maharage. Makaburini muuza dawa aliomba neno, akapewa. Bila haya hata kidogo, akasema kwamba kama si mubirizi, mzee wetu angekufa mapema zaidi, na kwamba miezi ile yote aliyoishi ilikuwa kazi ya jani. Nilingoja mtu amkatize, mchungaji, jirani, yeyote.

Watu wakaitikia "Amina." Mama yangu, aliyekuwa amenishika mkono, aliitikia pamoja nao.