Nyuzi za Chuma

Mwalimu wetu wa usalama bandarini hufika kabla ya wapakizi, akiwa na kofia ngumu ya njano na kipande cha chaki. Husema polepole, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Kabla ya kuuliza hufuta mikono kwenye suruali, hata kama haina vumbi. "Leo mumeona nini ambacho jana hakikuwapo?" huuliza, kisha husubiri kwa muda mrefu. Zamani alikuwa akituuliza sisi wapakizi tu. Akina mama wanaofagia unga wa mahindi chini ya winchi aliwaambia wangoje nje, wasije wakachelewesha somo. Kisha kamba ya chuma ya winchi ikakatika, na mzigo ukamvunja mpakizi mwenzetu Cyprien miguu yote miwili. Siku ile mwalimu alimwuliza kila mtu, hadi akamfikia Mama Séraphine na ufagio wake.

"Juma zima nafagia vipande vya nyuzi za chuma vya ile kamba, Papa," alisema. "Nilizani njo kawaida."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Niseme kwa nani? Wewe ulitufungia mulango."

 Mwalimu alichutama, akaokota uzi mmoja katika unga, akautia katika mfuko wa shati. Sasa kila somo huutoa na kuuweka kwanza katika kiganja cha mfagiaji, na mlango huuacha wazi. Cyprien akipita nje na magongo yake, mwalimu hunyamaza katikati ya neno, na sote hutazama chini mpaka mlio wa magongo uishe.