Nilipata chuo Stockholm, tukaiweka barua kwenye fremu, kumbe nilitakiwa kujibu

Wakuu, habari za huko mliko. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na aibu yake bado ninayo. Mkicheka chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, sasa naishi Fittja, kusini mwa Stockholm. Nina miaka thelathini na tisa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kusikiliza habari za paka wao.

Nilichotaka ni uuguzi. Nilichoka kugawa dawa zilizopangwa na mwingine. Kwa hiyo nikasoma komvux, ile shule ya watu wazima, miaka minne, kila nikitoka kazini. Hesabu nilirudia mara mbili. Kiswidi chenyewe sitaki hata kukizungumzia.

Nikaomba chuo cha uuguzi, na Julai email ikaja: *Antagen*. Maana yake umekubaliwa. Nilikuwa kwa bibi mmoja ninayemhudumia, nikakaa kwenye sakafu ya jiko lake nikalia. Siku hiyo yeye ndiye aliyenitengenezea kahawa.

Sasa hapa naomba mnielewe. Kwetu jina likishabandikwa ubaoni, umeingia. Kinachobaki ni kutafuta godoro na sanduku. Sijawahi kusikia shule inamgeukia mtu na kumuuliza, "Samahani, lakini nafasi unaitaka kweli?"

Mume wangu, Baba Keza, ni dereva wa basi, na akifurahi hashikiki.

"Mama Keza," akasema, "karatasi kama hii haiwezi kukaa kwenye simu."

Akaiprinti, akaenda Tumba kununua fremu ya rangi ya dhahabu, ile yenye kadi nyeupe inayozunguka picha kwa ndani. Ikatundikwa sebuleni juu ya TV. Mimi nikatuma picha yake kwenye magrupu manne ya WhatsApp.

Zikaja email nyingine mbili kutoka kulekule. Sikuzifungua. Nilijua wananipongeza tena, nikasema moyoni kweli Waswidi wana adabu.

Jumamosi tukafanya shukrani, ukumbini Hagsätra. Mzee Deo, mzee wetu wa kanisa, aliinua ile fremu juu kwa mikono miwili akanitambulisha kama "daktari wetu". Sikumsahihisha. Kabla pilau haijaisha, watu watatu walishanionyesha miguu yao, na mmoja aliniuliza habari za presha ya mama yake aliyeko Bujumbura. Wote niliwajibu.

Jumatatu binti yetu Keza, ana miaka kumi na saba, alikuwa anakula kiporo cha pilau. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake:

"Mamma, du har väl svarat ja?"

Yaani, nimeshajibu kwamba ndiyo, au sivyo?

"Nimjibu nani?"

Akaweka kijiko chini. Wakuu, huyo mtoto haachi pilau hivi hivi. Nikajua kuna msiba.

Tukaishusha fremu, tukaifungua kwa kisu cha mkate. Mstari wa mwisho wa barua ulikuwa umefunikwa na ile kadi nyeupe: jibu kabla ya Ijumaa, usipojibu nafasi inaondoka. Ijumaa ileile niliyoshinda jikoni nakaanga sambusa za kumshukuru Mungu kwa nafasi hiyo.

Nikapiga simu. Mama aliyepokea alikuwa mpole sana, na huo upole ndio ulionimaliza. Nimefutwa. Nikamwambia lakini tumeshafanya hadi ibada ya shukrani. Akasema anasikitika, lakini mfumo hauoni hilo.

Baba Keza hakukubali. Kwake yeye kosa ni la kuombewa msamaha na wazee, ana kwa ana. Akampigia Mzee Deo. Mzee akaja na suti, katikati ya joto la Julai, tukaenda chuoni watu watatu na fremu yetu. Mapokezi palikuwa na binti mmoja tu. Mzee Deo akajitambulisha, akatambulisha ukoo, akaeleza tulikotoka tangu kambini, nami natafsiri. Binti alisikiliza yote bila kumkatiza, kisha akatupa kijitabu cha maelezo na kalamu tatu.

Tukarudi na basi, fremu mapajani. Nilikuwa na hasira na mume wangu kwa ajili ya fremu, na hasira na mimi mwenyewe kwa zile email mbili. Miaka minne, wakuu. Nililia wiki nzima, na kanisani bado wananiita daktari.

Vuli nikaomba upya, kwa masomo yanayoanza Januari. Desemba jibu likaja, nikiwa jikoni kwa bibi yuleyule: *Antagen*.

Safari hii nilisoma hadi nukta ya mwisho. Chini kabisa, vitufe viwili: ndiyo, hapana.

Nilidhani nitabonyeza haraka. Nikashindwa. Mimi nilipangiwa kambi, nikapangiwa nchi, nikapangiwa mtaa wa kuishi, na zamu za kazi napangiwa hadi leo. Kwenye miaka thelathini na tisa, hii ofisi ndiyo ya kwanza kuniuliza kama nataka.

Bibi akaniuliza mbona nimesimama tu. Nikamwambia kuna watu wananiuliza kitu. "Basi wajibu," akasema. Nikabonyeza ndiyo.

Sasa niko muhula wa pili. Barua ya pili sikumwonyesha Baba Keza mpaka nilipoanza masomo. Ya kwanza bado iko juu ya TV, wageni wanaisifu, nasi tunaitikia asante.

Funzo langu ni hilo: fungueni email zote, hata zinazofanana na pongezi, na msitundike kitu kabla ya kusoma mstari wa chini. Mlioko ughaibuni, nyie mliteleza wapi? Na wewe unayesoma kimyakimya, mara ya mwisho kuulizwa unataka nini ilikuwa lini, na ulijibu?