Mtambo Alifungua Mlango

Mwaka umetimia tangu nianze kuandika hadithi za angani, na kwa kuwa hakuna mtu atakayejisumbua kunitathmini, nimejitathmini mwenyewe. Sura arobaini na moja. Wasomaji kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi: akaunti yangu ya kawaida, na nyingine niliyoifungua ili niweze kujisifu bila aibu. Nina miaka arobaini na sita, kitambi, na miwani ya kusomea. Kazi yangu ni fundi wa lifti. Chombo kilichowahi kunipeleka juu kuliko vyote kiliishia ghorofa ya kumi na nne.

Kwa asiyejua, hizi ni hadithi zinazoandikwa na mashabiki. Unachukua tamthilia ya watu wengine, wahusika wa watu wengine na chombo cha watu wengine, halafu unaanza kuwapangia maisha. Ni kama kuingia kwenye harusi usiyoalikwa kisha ukaanza kuhamisha viti. Tamthilia niliyoivamia mimi ni ile ya wachimba madini wanaoishi ndani ya chombo kikubwa angani, huonyeshwa Jumamosi alasiri ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Mashabiki wengine wote wanamwandika nahodha, kwa sababu ana kovu shavuni na huzuni isiyoelezeka. Mimi nilimpenda Mtambo.

Mtambo ni mashine inayofungua na kufunga milango ya chombo. Katika misimu minne alisema maneno manne tu: "Mlango unafunguka. Mlango unafungwa." Mwisho wa msimu wa nne wakamzima ili kuokoa umeme, na hakuna aliyesema hata pole. Siku hiyo chakula hakikupita kooni. Mke wangu akauliza nani kafa.

"Mtambo," nikamjibu.

"Wa kazini?"

"Wa angani."

Akaniangalia, akaivuta sahani yangu upande wake, akaendelea kula.

Nikaapa kumfufua. Nilikuwa naandika saa ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha mashine juu kabisa ya jengo la ofisi ninalolihudumia, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mota inanguruma pembeni na kamba za chuma zinapanda na kushuka. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, tena kidole chenye grisi. Ndiyo maana sura yangu ya tatu ina neno "nahodhaaaaa", na msomaji mmoja akanipongeza kwa kuonyesha hisia.

Jambo moja lazima niliseme mapema maana kila kitu kimetokea hapo. Sisi mafundi hatusemi lifti imekwama. Tunasema, "Huyu wa kushoto amegoma." Tunasema, "Yule wa ghorofa ya chini anakohoa, hebu msikilize." Ukikaa na mashine miaka ishirini unazijua tabia, na chenye tabia utakiitaje "i"? Basi hata kwenye hadithi niliandika hivyo hivyo: Mtambo aliamka, Mtambo alisikia, Mtambo alifungua mlango. Msomaji mmoja anayejiita Sayari Kumi akaniandikia, "Hadithi nzuri, ila sarufi yako inauma meno. Mtambo ni U." Nilimjibu kwa mistari kumi na miwili ya hasira, nikaisoma, nikakuta ina makosa tisa, nikaifuta.

Kumbe aliyenistahili alikuwa nyumbani kwangu, amelala chumba cha mbele.

Baba yangu alifundisha Kiswahili miaka thelathini na nne. Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Ngeli, kwa sababu ungeweza kumtukana akakusamehe, lakini ukisema "kiti yangu" alikuwa hakusamehi. Alisahihisha mabango ya maduka. Alisahihisha barua za rambirambi. Kadi yangu ya harusi nilimpelekea kwa heshima zote, ikarudi na wino mwekundu sehemu tatu. Na mimi, mwanawe wa kwanza, nikafeli Kiswahili katika mtihani wa mwisho. Kufeli kweli kweli. Hakunipiga wala hakunigombeza, alinyamaza tu. Samaki mkunje angali mbichi, na nadhani siku ile aliamua kwamba mimi nilishakauka. Tangu hapo, kwa miaka karibu thelathini, mazungumzo yetu yalikuwa ni afya na hali ya hewa.

Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaenda. Yote. Tukamhamishia kwetu, mke wangu akampa chumba chenye dirisha la barabarani. Mtaalamu wa matamshi wa hospitali, mama mmoja asiyependa kuzungusha maneno, alituambia wazi, "Msemesheni kila siku. Mwaka wa kwanza ndio wenye matumaini. Ukipita huu na maneno hayajarudi, msije kunilaumu."

Kumsemesha! Mke wangu alimsemesha vizuri, yeye anaweza kuongea hata na sufuria. Mimi nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja, naoga, nakaa kwenye kiti karibu na kitanda. "Shikamoo baba. Leo jua kali." Kimya. Kesho yake, "Leo kuna mawingu." Kimya. Wiki ya pili hali ya hewa ikaniishia. Mbingu nzima nimeimaliza, na mzee ananitazama tu. Mwaka ulikuwa unakimbia na mimi sina la kumwambia baba yangu mzazi.

Ndipo nikaanza kumsomea sura zangu. Sitajipamba na kusema ilikuwa ni hekima. Nilikuwa na wasomaji wachache, na huyu alikuwa hawezi kuinuka akaondoka.

Miezi ikapita hivyo. Nilisoma, naye akatazama dari. Wageni walikuja kumjulia hali wakaniuliza mimi, mbele yake, "Anasikia? Anaelewa kitu?" na mimi nikajibu kwa niaba yake, kama vile naulizwa habari za kabati. Mwezi wa tano nikafika sura ya tisa. Wachimba madini wamekwama kwenye korido, hewa inakwisha, nahodha anagonga ukuta. Nikasoma kwa sauti yangu ya redio, "Ndipo Mtambo alifungua mlango."

"U," akasema baba.

Nikatupa simu. "Baba?"

"U... u..."

Nikajua amebanwa na haja ndogo. Nikakimbilia kopo, nikalileta, nikafunua shuka. Akalipiga kopo kwa mkono wa kushoto likabingirika hadi mlangoni. Macho yamemtoka.

"Uli..." akasema. "Uli..."

Mtu aliyelelewa na Mwalimu Ngeli akisikia "uli", anajua linalofuata ni shtaka: ulivunja, ulichelewa, ulidanganya. "Nilifanya nini, baba?" nikauliza, mwanaume mzima, nimesimama wima kama niko mstarini shuleni. "Nisamehe, nilifanya nini?"

Baba akafumba macho, vile vile alivyokuwa anafumba akifika kwenye daftari langu. Kisha akavuta pumzi na kulisukuma lote kama mtu anayesukuma gari. "U-li-fu-ngu-a."

Mke wangu alikuwa amekuja kuona kopo linabingirika kwa nini. Akasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Wewe," akaniambia taratibu, "anakusahihisha."

Nililia. Si kwamba machozi yalinilengalenga, hapana, nililia kwa kwikwi hadi jirani akabisha hodi. Miezi mitano baba yangu alikuwa hana neno, na kilicholitoa neno la kwanza huko lilikokuwa kilikuwa ni kosa langu.

Basi nikapata kazi. Kwa mara ya kwanza maishani ujinga wangu ukawa dawa. Nilianza kukosea kwa makusudi, na niseme kwa unyenyekevu kwamba nina kipaji. Niliandika "vyombo zilipaa". Niliandika "maji ilimwagika", "mawe wawili wakubwa", "sayari kile". Baba akawa ananisubiri kuanzia saa kumi, shingo kaigeuzia mlango. "Vi," anasema. "Vi-li-paa." "Ya." "Ma-wi-li!" Hili la mawili alilisema kwa ukali hadi mate yakaruka. Huko mtandaoni wasomaji wangu, waliokuwa wamefika kumi na tisa, wakaanza kunikimbia mmoja mmoja. Mmoja aliuliza kama nimeanza kunywa. Mtaalamu wa matamshi naye alishangaa, akataka kujua tunatumia mazoezi gani nyumbani.

"Makosa," nikamwambia.

"Makosa gani?"

"Yote."

Mwezi wa tisa baba alitoa sentensi yake ya kwanza nzima. Nilikuwa nimemsomea aya yenye makosa kumi na manne, mengine yaliidhulumu lugha hata mimi nikaona haya. Akanyoosha kidole, akakitingisha, akasema, "Wewe... huna... adabu." Tukapiga vigelegele nyumba nzima. Mke wangu akampigia simu dada yangu kumpa habari njema kwamba kaka yake hana adabu, imethibitishwa.

Huyo huyo mke wangu ndiye aliyenitoa tongotongo. Alikuwa anapanga nguo, akaniuliza, "Hivi ile hadithi yako ya baba, itaishaje?"

"Hadithi gani ya baba? Mimi naandika habari za Mtambo."

"Ndiyo hiyo."

"Mama watoto, ile ni lifti. Lifti ya angani."

Alinitazama tu kwa huruma, akaendelea kukunja mashuka. Kesho yake, juu ya ndoo yangu, nikasoma sura zote arobaini toka mwanzo. Kuna mtu yuko sehemu moja, hatoki. Kila mmoja anampita. Ana maneno manne. Watu wanamsema mbele yake kama hayupo, na yeye anawasikia wote. Nilikuwa nimeyaandika haya kwa kidole changu mwenyewe na sikuwa nimeyaona. Ndiyo maana nilifeli mtihani ule, tena sasa nimekumbuka, nilianguka hasa kwenye ufahamu.

Sura ya mwisho nikataka niiandike sawasawa. Mwaka wa mtaalamu ulikuwa umebakiza wiki chache kwisha, na baba alishakuwa na maneno kama sitini, ingawa arobaini yake ni ya kunigombeza. Nikasema hii iwe zawadi. Nilitumia majuma matatu. Niliichapisha kwenye karatasi, nikaipitia kwa kalamu nyekundu niliyoitoa kwenye sanduku lake mwenyewe. Kila Mtambo nikampa U yake: Mtambo uliita, Mtambo ulingoja, Mtambo ulisikia. Iliniuma, lakini niliandika. Humo umeme unakwisha kama kwenye tamthilia na lazima Mtambo azimwe, ila safari hii nahodha anakuja mwenyewe, anaweka kiganja ukutani, anasema pole.

Nikamsomea Jumapili baada ya chakula, mke wangu amekaa miguuni mwa kitanda. Nilisoma kurasa sita. Kidole hakikuinuka. Miaka arobaini na sita nangoja kurasa sita zipite bila wino mwekundu. Nikafika mstari wa mwisho. "Mlango unafungwa, ulisema Mtambo. Kisha Mtambo ulizimika."

Kidole kikainuka.

"A," akasema baba.

"Baba, hapana. Hapa niko sawa. Mtambo ni U. Wewe mwenyewe umenifundisha."

"A." Uso umekunjamana. "A-li..."

"Alizimika?"

Akatikisa kichwa kwa hasira. Akaushusha mkono wake wa kushoto, akaushika wangu uliokuwa na karatasi, akaukamata kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "A-li-ku-fa," akasema. Akapumzika, akanitazama usoni. "Po... le."

Mke wangu akatoka nje. Mimi nilikaa pale pale, nikasema asante. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikakata "ulizimika", nikaandika "alikufa" juu yake, na yeye akakagua herufi moja moja hadi nilipomaliza.

Jumatatu nikaipandisha mtandaoni. Saa ya chakula cha mchana nikakuta maoni ya mtu mmoja tu, Sayari Kumi, aliyenivumilia mwaka mzima. "Hongera, sura hii umeiandika vizuri kuliko zote. Inasikitisha tu kwamba mwishoni kabisa umerudia kosa lako la siku zote. Ulikufa, ndugu. Si alikufa."

Saa kumi na moja nikamsomea baba maoni hayo neno kwa neno. Akayasikiliza, akayatafuna kidogo mdomoni.

"Mjinga," akasema, neno zima, bila kukata silabi hata moja.

Nikainamisha kichwa kwa mazoea. "Mimi, baba?"

"Yeye."