Chetezo Kilichoinama

Kila Alhamisi jua likizama, nikitia makaa na ubani kwenye chetezo cha udongo, moshi wa kwanza hunirudisha Bura, ukingoni mwa mto Tana, mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Likizo ya Agosti, wanawake wa ukoo wetu walitoka Garissa kwa lori la mbuzi, wakapiga kambi pale kufinyanga vyetezo. Bibi yangu mzaa mama, Ayeyo, ndiye aliyetufundisha. Tulitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, tukavichanganya na udongo wa mto ili usipasuke motoni, tukaukanda mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio.

Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Nilikuwa nimemwahidi chetezo nitakachofinyanga kwa mikono yangu. Changu kiliinama upande.

“Naa Sahra,” mama mdogo Halima akasema, “chetezo chako kimerukuu kabla ya adhana.”

“Kiache,” Ayeyo akajibu. “Kina haraka ya thawabu.”

Wakacheka. Mimi nikazidi kukipenda.

Siku ya kuondoka, vyetezo vilipokwisha kuchomwa kwa samadi kavu na kupoa, ndipo nikaambiwa desturi ya kambi ile: hakuna arudiye na kazi yake. Mnaketi duara, kila mtu anabadilishana na jirani yake. Nilikikumbatia changu, machozi yakinitoka. Ayeyo, ambaye siku hizo alikuwa akiswali ameketi kwa sababu ya magoti, akainuka polepole, akazunguka duara lote.

“Halima, nipishe hapo.”

“Mama, nafasi yako ni ile ya kivulini.”

“Nimekichoka kivuli.”

Akakaa kando yangu, akachukua changu, akanipa chake. Njia nzima nilinuna. Nyumbani, mama alikipokea kile chetezo kwa mikono miwili, akakinusa.

Ayeyo hakurudi tena Bura. Alipofariki, Mungu amrehemu, tulikuta chetezo changu karibu na mswala wake, ndani kimekuwa cheusi kwa moshi, na chini ya upande ulioinama ameweka kigae kukitegemeza.

Nilidhani aliichukua zawadi ya mama. Kumbe alinituma nimpelekee binti yake kazi ya mwisho ya mikono yake. Alhamdulillahi, ilifika. Ndiyo hii ninayofukizia ubani.