Habari za Mkono

Baba yangu alikaribia kupoteza mkono kwa sababu ya adabu. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana adabu hiyo alinifundisha yeye mwenyewe, kwa fimbo. Alikuwa katekista wa kigango chetu pale Lumemo, mkulima wa mpunga siku zote zisizo za ibada, na hakuweza kupishana na mtu njiani bila kumaliza habari zote: za nyumbani, za watoto, za shamba, na za mpunga wa Idete kama mtu mwenyewe ametokea Idete. Ukimuuliza yeye, jibu lilikuwa moja tu. Nzuri. Jiko letu lilipoungua aliwajibu majirani, nzuri, tunamshukuru Mungu, ila jiko limeungua. Hiyo "ila" ilikuja mwishoni kabisa, pande zote zikisharidhika.

Katikati ya miaka ya tisini alianza kuchoka ovyo, fizi zikawa zinatoka damu, na baada ya safari ya Dar es Salaam tukaambiwa ni saratani ya damu. Walimwanzishia matibabu huko, kisha wakaturudisha Ifakara na barua ndefu: sindano ziendelee huku huku, kila wiki. Dawa zenyewe zilisafiri nasi kwa treni ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Niliipakata chupa ile njia nzima, na abiria wa pembeni aliniomba chai mara mbili.

Daktari alitueleza pole pole, kidole chake kikiwa juu ya mshipa wa baba. Dawa hii ikibaki ndani ya mshipa inatibu. Ikivuja nje inachoma nyama, na kidonda chake hakiponi upesi. Kwa hiyo ikiuma, ikiwasha, ikichoma hata kidogo, mzee, sema hapo hapo.

"Nimeelewa, daktari," alisema baba. "Ahsante kwa kutuelimisha."

Nesi aliyepangiwa kumchoma alikuwa mama mnene wa makamo, naye alilelewa vizuri mno. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Aliingiza sindano kwenye mkono wa kushoto, akaanza kusukuma dawa taratibu, na ili kumtuliza mgonjwa akauliza, "Habari za mkono, baba?"

"Nzuri. Sijui za kwako?"

"Nzuri tu. Na za huko Lumemo?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Mpunga umeanza kuchanua."

"Haya, jambo jema."

"Ila," akasema baba, "huu mkono unaungua."

Nesi aliacha kusukuma papo hapo, akavuta kilichovutika, lakini nyama ilikuwa imeshaonja. Nyuma ya kiganja pakatoka kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti, kikakaa miezi. Daktari akaamuru mkono wa kushoto usiguswe tena. Kisha akaniita nje ya mlango, akaniambia kwamba ule wa kulia nao ukiharibika hakutakuwa na pa kupitishia dawa, na dawa ikisimama ugonjwa utarudi. Niliogopa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Madhara mengine ya dawa aliyapokea kwa adabu ile ile. Kabla ya kutapika alisema samahani. Nywele zilipopukutika alizifagia mwenyewe, asije akamsumbua mtu. Vidole vya miguu vilikufa ganzi, akawa anaacha kandambili njiani bila kujua. Mara tatu nilirudi kuiokota, nikamkuta mbele huko amesimama na mguu mmoja peku, anasalimiana na watu. Choo kilimgomea siku tano nzima, na nilipomuuliza habari za tumbo akanijibu nzuri. Tangu hapo nikawa nahesabu mwenyewe safari zake za chooni na kumpelekea nesi taarifa, kazi ambayo siwezi kusema niliipenda.

Wiki moja baada ya mkono kuungua, nesi alikuja na sheria.

"Baba, naomba tukubaliane. Sindano ikishaingia, hatusalimiani. Hakuna habari, hakuna nzuri. Mimi nakaa kimya, na wewe kazi yako ni moja: ikiuma, sema inauma."

Baba alimtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo sokoni. "Sista, nikae kimya na mtu mzima mwenzangu, kama tumegombana?"

"Ndiyo, tumegombana."

"Na hilo neno inauma ni la watoto. Mimi nitasema kuna jambo."

"Kuna jambo inaweza kuwa ngedere wameingia shambani. Sema inauma."

Nyumbani nikamfanyisha mazoezi. Nilimvizia akiwa anakula, nikamfinya mkono. Siku ya kwanza alisema, "Mwanangu, perege wa leo ni watamu." Siku ya pili alisema, "Nafikiri umenifinya." Siku ya tatu nilimfinya kwa hasira ya kweli, maana nilikuwa na hasira naye, anataka kufa kwa ustaarabu aniache mimi na shamba la mpunga. "Inauma kiasi," akasema. Nikampa alama hamsini kwa mia. Nesi alipoona michubuko yote ile alinifokea mbele ya wodi nzima. Damu ya mgonjwa huyu haigandi sawasawa, unataka kummaliza wewe? Mazoezi yakaishia hapo, mwanafunzi akiwa hajafaulu.

Basi wiki kadhaa zikapita salama, wao wawili wakiwa wamenuniana kwa makubaliano. Mpaka asubuhi moja, sindano ikiwa ndani ya mkono wa kulia na nusu ya dawa imeshaingia, mwenyekiti wa kigango chetu akapita nje na kuingiza kichwa dirishani.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina," tukaitika wote, na nesi akiwemo.

"Habari za ugonjwa, katekista?"

Nilimwona baba akifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kinywani, naijua sura ile. Nesi aliganda, kidole chake kikiwa kwenye bomba la sindano. Kama ningekuwa na kiatu cha kutupa, mwenyekiti angekipata cha uso.

"Inauma," akasema baba.

Mwenyekiti alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Inauma! Inauma sana! Sista, acha!"

Nesi alikuwa ameshaacha. Mahali pale palikuwa pamevimba kidogo tu, kama punje ya haragwe. Akavuta, akachomoa, akampumzisha, kisha, daktari akisimamia, akatafuta mshipa mwingine juu zaidi na kumaliza. Hapakutoka kidonda. Mkono ule ulibeba sindano zote zilizobaki mpaka ratiba ikaisha, na baba aliendelea kunisumbua kwa miaka saba mingine.

Mwenyekiti yeye alikwenda moja kwa moja kutangaza kwamba katekista amezidiwa. Kama mtu yule amefika mahali pa kusema inauma, aliwaambia watu, basi kwisha habari yake. Kesho yake asubuhi akina mama wawili wakaleta kuni za msiba. Baba mwenyewe aliwafungulia mlango, akawauliza habari za nyumbani, na kuni tukazipikia wali.

Lakini siku ile ile ya sindano tulirudi kwa baiskeli, mimi naendesha, yeye nyuma kwenye keria akiona aibu kubebwa na binti yake. Tulipotoka mjini akaniambia kutoka nyuma yangu, "Lile jino la mwaka jana liliuma."

"Enhe," nikasema.

"Na viatu nilivyovaa siku ya harusi yangu vilikuwa vya kuazima. Viliuma kuanzia kanisani mpaka jioni."

Nilicheka mpaka baiskeli ikayumba. Akaendelea: mwiba wa mwaka fulani, nyuki, fimbo za shuleni, kidonda cha mkono wa kushoto. Nikawa naitikia tu. Tukavuka mto.

"Siku tuliyomzika mama yako," akasema, "watu wote waliniuliza habari, nami niliwajibu."

Nikapunguza mwendo.

"Iliuma. Hata sasa inauma."

Nilianza kulia huku nakanyaga pedeli. Sikusimama, kwa sababu ningesimama angeshuka kunifariji mimi, nami nilitaka amalize kusema.